Kadi Zenye Alama ya Zizi Letu

Siku ile ya mnada naikumbuka kwa harufu ya wino, mwanangu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ya shangazi yangu Mbuke, sokoni Bariadi, vidole vyeusi tii, na mbele yangu nimepanga kadi za salamu nilizotengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Nyie wa leo mnatuma ua la kwenye simu, linawaka, linazima, mmemaliza. Haya, sikatai, dunia ni yenu. Lakini wewe umekuja kwangu kujifunza kadi za mkono, basi kaa chini kidogo nikueleze, kabla hujaushika huo muhuri.

Shangazi aliuza madaftari, kalamu, na kadi za Krismasi zilizoletwa kutoka Mwanza. Kadi hizo zilikuwa na vijumba vimefunikwa na kitu cheupe juu ya paa. Wateja wa vijijini walikuwa wakiigeuza kadi huku na huku, wakauliza, "Hawa watu wameanika pamba juu ya nyumba, mvua ikinyesha je?" Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu kicheko kilipoisha nikajiuliza, kwa nini isiwe pamba kweli?

Nikaokota kandambili iliyokatika, nikaichonga soli yake kwa wembe. Kwanza tumba la pamba lililopasuka, kisha ndege, kisha ng'ombe mwenye pembe ndefu. Kila kimoja nikakigandisha kwenye kipande cha ubao. Nikakunja karatasi ya manila, nikagonga muhuri kwenye pedi ya wino ya shangazi, nikagonga kwenye karatasi. Jamani! Kile nilichokichonga kikatokea pale, kimesimama. Nikagonga tena, kikatokea kilekile. Niliishiwa pumzi, nakwambia kweli. Nilijiona nimepewa kitu ambacho sikukiomba.

Baada ya hapo sikushikika. Pamba halisi nikaibandika kwa gundi kwenye matumba, maganda ya mahindi nikayakata yakawa mabawa, shanga nikazishona ukingoni kwa uzi na sindano. Watu wakaanza kusimama mezani. Shangazi akanitazama, "He, Minza! Mikono hii ulikuwa umeificha wapi siku zote?" Kichwa kikanivimba kidogo, sitadanganya.

Nikaona kazi nzuri lazima ijulikane ni ya nani. Ndipo nikachonga muhuri mdogo wa alama ya zizi letu. Baba yangu, Mzee Maduhu, alikuwa na kaya yake Zagayu, na ng'ombe wake wote walikuwa na alama moja pajani, waliyochomwa kwa chuma: pembe mbili zimeinuka na mstari mfupi chini yake. Babu aliwachoma hivyohivyo. Mimi nikaichukua, nikaigonga kwenye pembe ya kila kadi. Niliiona nzuri, basi. Nani angenikataza?

Sasa nikurudishe nyumbani kidogo, maana bila hapo hutanielewa. Nilikuwa na dada yangu mkubwa, Holo. Baba alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari yake kutoka kwa watu aliowaheshimu sana. Holo akakimbilia Bukundi kwa mwanamume aliyempenda mwenyewe. Ng'ombe ikabidi warudishwe wote, pamoja na ndama aliyezaliwa zizini kwetu, ambaye baba alikuwa anamnywesha maji kwa mkono wake. Aliwatoa mwenyewe langoni, wazee wa pale wakiangalia. Aliporudi akatuita wote uani, akasema, "Holo asikanyage hapa. Na asitajwe."

Baba alikuwa mtu wa neno moja. Akishasema, limesemwa, hata yeye mwenyewe hawezi kulizunguka. Mama yetu, ambaye sisi tulimwita mayu, hakubishana. Ila akiona mwanamke anapita njiani na mtoto mgongoni, anaacha anachofanya, anasimama hivi, mpaka yule mtu apotee machoni. Tulikuwa tumesikia kuwa Holo amejifungua mtoto wa kike. Mayu hakuwa amemshika mjukuu wake wa kwanza, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa, hakuwa na njia ya kumshika.

Basi, siku hiyo ya mnada, baba alikuwa ameleta dume Bariadi. Akapita mezani. Nikapiga magoti, "Mwadila, baba." Akaitikia, akauliza hali, akamuuliza shangazi hali, akauliza hali ya watu wa nyumbani kwa shangazi, yote kwa mpangilio wake kama kawaida yetu. Kisha akachukua kadi moja. Akaigusa pamba kwa kidole, akatabasamu. Mwanangu, baba yangu alikuwa hatabasamu ovyo. Moyo ukanijaa. Halafu akaona ile pembe ya kadi, na tabasamu likaisha.

"Nani kakuruhusu kupiga alama hii?"

"Ni pambo tu, baba. Ni karatasi."

"Karatasi hizi umewapa akina nani?"

"Wanunuzi. Wengine siwajui."

Shangazi akaingilia, "Kaka, huyu ni mtoto, msamehe bure." Baba akamwambia, "Mbuke, na wewe ulikulia kwenye zizi hilo." Shangazi akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Hakupandisha sauti. Ningeona afadhali angenigombeza. Alisema polepole, "Minza, mnyama mwenye alama hii akipotea, hata ikipita miaka, siku akisimama langoni kwangu simuulizi alikuwa wapi. Namfungulia. Ndiyo maana ya alama. Sasa wewe umeipiga kwa watu usiowajua. Mtu akija kwangu na karatasi hii, itanibidi nimpokee kama aliyezaliwa pale. Umenizalia watoto uzeeni, binti yangu." Akauchukua ule muhuri, akautia kwenye mfuko wa koti, akaondoka na fimbo yake.

Nilibaki na aibu hiyo, huku kicheko kinanibana. Niliona mzee amezidi. Karatasi na ng'ombe wapi na wapi?

Mwisho wa wiki nikarudi nyumbani Zagayu. Jioni, baba alikuwa anakamua, mayu yuko jikoni, mlango uko wazi. Baba akainua sauti, kaya nzima ikasikia: "Mjue wote! Mwenye alama ya zizi hili akija langoni, awe na miguu minne au miwili, hatumuulizi alikuwa wapi. Tunamfungulia!" Ng'ombe aliyekuwa anakamuliwa akaruka, nusura apige teke kibuyu cha maziwa. Nikajikunja nilipokaa. Nikajua ananisema mimi, tena mbele ya kila mtu.

Haikupita muda, kijana mmoja wa Migato akanyeshewa na mvua njiani karibu na kwetu. Alikuwa amenunua kadi yangu ampelekee mchumba. Majirani walishasikia maneno ya baba, nao wakamtania, "Si una kadi ya Maduhu? Kabishe hodi, wewe mtoto wa pale!" Akaja anacheka, ameinyoosha kadi. Baba hakucheka. Alimpa maziwa, akampa michembe ya viazi na karanga, akamtandikia ngozi, na asubuhi akamsindikiza hadi barabarani, akimuuliza habari za mchumba na kumwombea heri. Sisi tuliobaki tulitazamana tu. Kumbe mzee hakuwa na utani!

Kesho yake nilikuwa nafagia uwanja, mayu akaja akasimama karibu yangu.

"Minza, imebaki kadi yenye alama?"

Ilikuwa imebaki moja. Nilikuwa nimeificha kwenye nguo zangu, kwa ukaidi tu. Nikamletea. Nikamuuliza niandike nini ndani. Akasema, "Usiandike kitu. Holo anaijua alama." Nilielewa papo hapo anataka kufanya nini. Mayu akakata uzi shingoni mwake, akatoa ushanga mmoja wa bluu, wa zile alizovaa tangu alipoolewa. Nikaushona chini ya alama. Nimeshona shanga nyingi maishani mwangu, mwanangu, na huo mmoja tu ndio ninaoweza kuutambua kwa kuugusa tu hadi leo.

Kadi ikaenda Bukundi na mnunuzi wa ng'ombe, mtu tuliyemwamini. Mayu akamwagiza amweleze Holo jinsi kijana wa Migato alivyopokelewa, hivyohivyo, bila kuongeza neno. Tukangoja. Pamba ikapasuka, tukachuma, tukajaza magunia, mayu bado anatazama njia. Mimi usingizi ulikuwa wa shida. Je, kama baba angesema alama ni ya wote isipokuwa Holo? Holo angekuwa amefukuzwa mara ya pili, na safari hii mbele ya mtoto wake. Asingerudi tena kamwe, na sisi ndio tuliomwita.

Alikuja jioni, ng'ombe wanaingia. Baba alikuwa amesimama langoni na fimbo, vumbi limejaa. Ng'ombe wa mwisho alipopita, baba akavuta matawi ya miiba kufunga lango. Ndipo tukamwona mwanamke amesimama kando ya ua wa minyaa, mtoto mgongoni.

Holo hakuita, "Baba." Alipiga magoti palepale vumbini, nje ya lango, akainyoosha kadi kwa mikono miwili.

Mayu alitoka jikoni na mwiko mkononi, uji unadondoka chini, hana habari. Baba akaichukua kadi. Akapitisha kidole gumba juu ya alama. Akashuka kwenye ushanga. Akageuka akamtazama mayu shingoni, akatazama tena ushanga. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya banda, nasema kimoyomoyo, Mungu wangu, Mungu wangu, asiichane.

Akaegemeza fimbo kwenye ua wa minyaa. Akasema, sijui kwa nani, labda kwa ng'ombe, "Mwenye alama hii hatumuulizi alikuwa wapi."

Akaivuta ile miiba kwa mikono yake mwenyewe, ikamchoma, akaivuta tu. "Ingia, Holo. Jua linazama."

Lile jina! Hatukuwa tumelisikia kinywani mwake tangu siku aliyolikataza. Holo alilia kilio ambacho siwezi kukuigizia. Mayu, aliyekuwa anatembea kwa kujivuta kwa sababu ya goti, siku hiyo alikimbia. Alimtoa mtoto mgongoni kabla hata Holo hajainuka.

Tulipomaliza kula, baba akaomba masizi kidogo na samli. Akavichanganya kwenye kigae. Kisha akatoa mfukoni mwa koti ule muhuri wangu wa kandambili. Kumbe alikuwa anatembea nao siku zote! Akauchovya, akaushika mkono wa mjukuu wake taratibu mno, akaugonga juu ya kiganja. Pembe mbili na mstari. Akasema, "Na huyu naye, popote atakapokwenda." Mtoto akautazama mkono wake, akaulamba. Tukacheka na kulia kwa pamoja.

Miaka mingi baadaye, baba ameshatangulia, nilimuuliza mayu kama mzee alijua kuwa tumetuma kadi. Mayu alinitazama kama ananionea huruma. "Minza," akasema, "uliwahi kumsikia baba yako anapaza sauti wakati wa kukamua?" Nikafikiri. Kamwe. Alikuwa anatukemea hata tukikohoa, ng'ombe wasishtuke. "Siku ile alipaza. Nilikuwa jikoni, mlango wazi. Unafikiri alikuwa anasema na wewe?"

Na mimi niliyekaa nimejikunja nikidhani nasemwa! Yule mzee hakuweza kulirudisha neno lake, basi akatafuta penye upenyo, akaupata kwenye kipande cha kandambili cha mtoto wa kike, na akampigia kelele mayu apite hapo. Nikiwaza jambo hilo mwili unanisisimka mpaka leo.

Basi nisikilize, mwanangu. Utajifunza kukata mpira usichanike, utajifunza gundi isivuje na wino usimwagike. Hayo ni ya mikono, yatakuja. Ninalotaka ulishike ni hili: usimgongee mtu salamu ambayo hutaifungulia lango. Ukiandika "karibu" kwenye kadi, basi siku akisimama mlangoni, ana matope, amechelewa, amekuudhi, mfungulie, na usianze kwa kumuuliza alikuwa wapi. Na kama umewahi kumfungia mtu wako kwa hasira, na neno umeshalitoa mbele za watu, usikae ukisubiri ajue mwenyewe pa kupita. Paza sauti. Hata kama maziwa yatamwagika.

Haya, nipe mkono. Muhuri huu ndio uleule, baba aliniachia, mpira umechakaa lakini alama ipo. Mungu aijaze kaya yako watu na mifugo, akupe vidole visivyotetemeka mpaka uzee wako, na kila uliyempenda akaenda mbali, jua lisizame kabla hajafika langoni pako. Wabeja, asante, mwanangu. Gonga.