Swichi Iliyoitwa Mbovu

Nyumba tuliyopanga Kisauni, upande wa Frere Town, ilikuwa na bafu lisiloingiwa bila kandambili. Mpangaji mpya alielezwa hivyo kabla hajafunguliwa chumba, kwa sauti ile ile ya kuonyeshwa mahali pa kutupa taka. Ukigusa mfereji wakati shawa ya moto imewashwa, stima ilikupiga mkononi. Jirani yangu, mama mmoja auzaye nyanya Kongowea, alisema inatekenya tu. Watu wazima, wenye watoto wa kulea, walikuwa wamezoea kutekenywa na stima wakiwa uchi.

Labda ningezoea mimi pia, kama si mama yangu. Alikuja kutoka Kaloleni kutibiwa miguu, nayo ilikuwa imevimba hata kandambili haziingii. Basi akaoga miguu mitupu. Nilimwekea maji ndooni, nikamkataza shawa. Alikubali vizuri mbele yangu. Nikitoka kazini nililikuta bafu limejaa mvuke.

Boksi la fyuzi lilikuwa ukumbini, limeshika masizi. Fyuzi ilipokatika, mwenye nyumba hakutafuta waya mwembamba unaotakiwa; alipachika kipande cha waya mnene, akajisifu kwamba sasa haikatiki tena. Kweli haikukatika. Boksi ndilo lililoyeyuka.

Ndipo akaleta boksi jipya, jeupe, lenye safu ya swichi ndogo na moja kubwa ambayo, fundi alitueleza, hukata stima yote papo hapo inapovuja. Mwenye nyumba alitukusanya ukumbini, akabandua nailoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Hii ya kisasa," akasema. "Hata hoteli za Nyali hazina."

Tukapiga makofi. Nami nilipiga.

Alfajiri iliyofuata, mtu wa kwanza kuwasha shawa alibaki gizani na povu kichwani. Wa pili vivyo hivyo. Kufikia Jumapili, watu wakitaka kuoga waende kanisani, ukumbi mzima ulikuwa ukiilaani swichi.

"Umeuziwa mbovu, mzee," alisema mama wa nyanya. "Ile ya zamani ilikuwa na adabu zake."

Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mbona pasi haiikati, wala friji, wala redio. Niliwasha kimoja kimoja mbele yao. Shawa tu ndiyo iliyoikata. Walinitazama kama wanavyomtazama mhubiri wa steji ya matatu, kisha wakaendelea kulaani.

Mwenye nyumba akamwita tena fundi. "Itoe hiyo kubwa. Unganisha moja kwa moja."

"Sawa, boss," akajibu fundi, yule yule aliyetuhubiria juu ya usalama, na tayari bisibisi iko mkononi.

"Aitoe, mzee," nikasema. "Lakini ikishatoka, wewe uwe wa kwanza kuoga. Miguu mitupu, kama mama yangu, na mkono kwenye mfereji."

"Mimi nina presha, mwanangu."

"Mama pia anayo."

"Basi aingie fundi."

"Mimi nimeshaoga, boss," fundi akadakia.

Mwenye nyumba akageuka kuwatazama wapangaji. Mmoja alikumbuka chai iko jikoni. Mwingine aliitwa na mtoto ambaye sikumsikia. Mama wa nyanya alikuwa akifunga leso yake upya, kwa makini sana. Hawa ndio waliokuwa wakitekenywa tu.

"Haya, ikateni hiyo shawa," mwenye nyumba akasema mwishowe, akinyoosha kanzu. "Sitaki mtu afe kwenye nyumba yangu kwa ukaidi wenu." Ukaidi wetu! Fundi akaikata shawa, akaziba nyaya, na swichi ikabaki mahali pake. Haijazimika tena.

Jioni mama alitoka bafuni akitetemeka, leso imemganda mwilini.

"Mtoto gani amjibuye mzee wa watu mbele za watu?" akasema. "Na maji yenyewe barafu."

Nikachukua taulo, nikamkausha miguu kidole kwa kidole.