Mlenda Uliomuumbua Mwenzetu

Juzi tulikuwa Dodoma kwa semina, watu wanne wa ofisi moja, na kila mchana tulijaribu mgahawa mpya. Mwenzetu mmoja, mtanashati wa kikundi, kote aliagiza chipsi kuku. "Vyakula vya huku sivijui," alisema.

Alhamisi tukaangukia Mkonze, pembeni mwa mji, kwa mama aliyebakiwa na ugali na mlenda tu. Sisi watatu tulichovya, ute ukatuchora mashati. Yeye alichovya, akazungusha kiganja mara moja, ute ukakatika. Hakikudondoka kitu.

Mama akamkazia macho. "Mwanangu, kwenu wapi?"

"Dar, mama."

"Mkono huo si wa Dar."

Mwenzetu akainamia sahani. "Bahi, hapo jirani."

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Umefika lini?"

"Jumatatu."

"Anajua?"

Akaacha kutafuna. Alinawa, akauliza duka la sukari liko wapi, akapanda bodaboda kuwahi basi la Bahi.

Alasiri mkufunzi alipomuulizia, tulimwambia tumbo limemsumbua. Mpaka leo sioni tulidanganya wapi; hatukusema tumbo la nani.