Mbogo wa Mzee Ezroni

Miaka ile ya ruksa, kila aliyevuka mto Songwe kwenda Malawi alirudi na kitu. Huyu sukari, yule vitenge, mwingine redio ya kaseti kaikumbatia kama mtoto mchanga. Mzee Ezroni wa Bondeni, aliyekuwa akipeleka mchele Karonga tangu enzi za kujificha vichakani, yeye alirudi na panya.

Mnacheka? Hata mji ulicheka. Kyela nzima inapambana na panya maghalani, watu wanatega, wanafuga paka, wanalaani, halafu mtu mzima na mvi zake anampandisha panya gari, tena ndani ya kitundu cha waya chenye gurudumu la kuchezea. Mansuri, jirani yake mwenye duka, mtu wa asili ya Pwani asiyeacha jambo lipite bila kulitia chumvi, alimsimamisha barabarani.

"Ndugu yangu, wa hapa wamekwisha?"

"Huyu si wa kula mchele wa watu," Mzee akajibu. "Ni wa kufugwa ndani. Anaitwa hamsta. Nimemletea mama Ambilikile."

Mansuri akaacha utani, maana mtaa wote ulijua habari za mama Ambilikile. Kiharusi kilikuwa kimemlaza Bi Anyes, mke wa Mzee, kikamfisha mkono wa kulia na kuufanya ulimi mzito. Lakini la kuumiza zaidi ni kwamba alikuwa amegeukia ukutani. Mwanamke aliyekuwa akikamua ng'ombe huku anawatania majirani, sasa alilala akitazama udongo wa ukuta kutwa nzima. Mzee alimletea samaki wa mbasa, akamletea mchungaji, akamletea redio. Hakugeuka.

Kilichomgeuza ni mlio wa lile gurudumu. Krr, krr, krr, nyuma ya mgongo wake. Siku ya kwanza aligeuza shingo. Siku ya pili alimwomba mkwewe amgeuze mwili wote.

Mkwewe huyo ni Tusekile, mke wa Ambilikile, na mumewe wakati huo alikuwa Mbeya akitafuta wanunuzi wa mchele. Tusekile amezaliwa Busale katikati ya mashamba ya mpunga, ameua panya tangu hajaota meno. Alipopiga magoti mbele ya kitundu alikuwa na nia ya kudharau tu. Mnyama mwenyewe angeingia kwenye kikombe cha kahawa na nafasi ikabaki. Rangi ya majivu, mstari mweusi mgongoni, nyayo zenye manyoya kama kavaa soksi, macho kama mbegu za papai. Tusekile akamtupia punje za mpunga. Yule mnyama akazibeba kwa vidole, naam, vidole vinne vidogo vyenye kucha, akazisukumia shavuni moja baada ya nyingine mpaka kichwa kikawa kipana kuliko kiwiliwili. Tusekile akakaa sakafuni mwenyewe bila kujua. Ni nani aliyekaa akafikiria kuweka ghala ndani ya shavu la kiumbe kama hiki? Alijisikia kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa, akakuta watu wameinamisha vichwa.

Ila kulikuwa na tatizo, na tatizo lenyewe alilileta Mzee kwa mikono yake. Kule Karonga, mama mwenye duka la vitambaa alikuwa akihama na familia yake, akamwonyesha boksi lenye hamsta kadhaa wa tumbo moja na kumwambia: weka mkono wako, chagua atakayekuja kuunusa. Sasa mwambie hivyo mtoto wa wafugaji. Mzee Ezroni alichagua kama anavyochagua dume la ng'ombe mnadani. Akatafuta shingo nene, akatafuta kifua, akampata mmoja aliyesimama kwa miguu ya nyuma, akapiga kelele na kuwatawanya wenzake. "Huyu ndiye," akasema, na papo hapo akampa jina, Mbogo. Kabla hawajauvuka mto, Mbogo alikuwa ameshamng'ata vidole viwili.

Na akaendelea kumng'ata. Kila jioni Mzee alitoka sokoni na mikono inayonuka dagaa, akafungua kitundu kwa juu na kushusha kiganja. Jamani, hata wewe, mkono wa ukubwa wa nyumba ukikushukia kutoka mbinguni, tena unanuka chakula, utafanya nini? Mbogo alifanya alichofanya. Mzee akawa anatoka na damu na hasira, na Bi Anyes, aliyekuwa akingojea jioni yote kuwekewa yule mnyama kiganjani, akawa anafumba macho.

Tusekile aliyaona yote hayo kwa kusikia tu. Kwa mila ya kwao, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, hata njiani wakikaribiana yeye ndiye anayeingia majanini. Ndiyo maana Mzee hakuwahi kuingia chumbani bila kukohoa kwanza uani, na kile kikohozi kilipolia, Tusekile alijifunika kitenge na kutoka kwa mlango wa nyuma. Tangu aolewe hawakuwahi kubadilishana neno. Mzee alimjua kwa mapishi yake, naye alimjua Mzee kwa kikohozi.

Basi mchana, Mzee akiwa sokoni, Tusekile akaanza kazi yake. Alinawa kwa maji matupu bila sabuni. Akasugua viganja kwa zile pumba za mpunga alizolalia Mbogo, ili mkono unuke nyumbani. Kisha akaupitisha kwenye kilango cha ubavuni, akaulaza sakafuni mwa kitundu, kiganja juu, mbegu ya boga katikati, akageuza uso pembeni. Hakumtazama. Nani angemfundisha hilo, wakati maisha yake yote katika nyumba ile yalikuwa ya kutotazama? Alijua kiumbe mwenye woga hutaka nini: hutaka usimkodolee, usimkatie njia, umwachie mlango wake.

Siku nyingi hakuna kitu. Halafu masharubu yakagusa kidole. Halafu mbegu ikaibiwa. Halafu, mchana mmoja wa joto kali, Mbogo akapanda kiganjani na mwili wake wote, akakaa, akaanza kunawa uso. Tusekile alihisi moyo wa yule mnyama ukipiga kwenye ngozi yake, mwepesi kama mvua ya kwanza juu ya jani la mgomba. Alilia, hakuona aibu. Akamsogezea Mama kiganja, na Bi Anyes akamgusa Mbogo mgongoni kwa kidole cha mkono mzima.

"Mama, mwambie Tata asimtokee juu," Tusekile akamwomba, akimwita Mzee baba kwa lugha ya kwao.

Bi Anyes akajitahidi kusema jioni ile. Mzee akasikia nusu. "Mimi namtisha? Mtu mzima nimtishe panya?" Akashusha mkono, akang'atwa mpaka kucha. Hapo uvumilivu ukamwishia. Akatangaza kwamba kesho atajaribu mara ya mwisho, na Mbogo akiuma tena, paka wa Mansuri atakula kitoweo cha Malawi.

Tusekile alisikia akiwa jikoni, mwiko ukamponyoka. Hakumfikiria Mbogo peke yake. Aliufikiria ule ukuta.

Kesho yake jioni ilinyesha mvua, na mvua ya Kyela mnaijua, ikipiga bati husikii hata mawazo yako. Mzee alikohoa uani kama kawaida. Nani asikie? Mlango ukafunguka, na Tusekile yumo ndani, kitundu mbele yake. Alijivutia kitenge kichwani, akajibana kwenye kona, uso ukutani. Mzee naye alipoona kile kitenge akageuka haraka, akampa mgongo. Angetoka, lakini Bi Anyes alikuwa anamtazama. Akakiendea kitundu kinyumenyume, akakifungua kwa juu, akainua mkono.

Mlango wa waya ulilia. Tusekile aliusikia.

"Tata," akauambia ukuta. "Usimtokee juu. Nawa kwanza. Uweke mkono chini, usimtazame, umngoje."

Mvua iliendelea. Tusekile alingojea kikohozi cha hasira, akijua ameivunja mila ya watu mbele ya mwenyewe. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini nani aliwahi kumwambia baba mkwe ainame?

Mzee alikuwa karibu mno, hata kwa mvua ile akasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Akasikia pumba zikisuguliwa. Akasikia magoti ya mzee yakilia yakishuka sakafuni, kisha mvua tu juu ya bati.

Halafu akamsikia Mzee akivuta pumzi na kuibana, kama mtu aliyekabidhiwa kitu kwa mara ya kwanza.

Mbogo alikuwa amepanda. Alinusa, akazunguka, akajikunja kwenye kiganja kile kilichobeba magunia miaka yote, akalala. Mzee Ezroni hakuthubutu kusogea. Tusekile hakuweza kutoka, maana mlango wa nyuma ulikuwa upande wa Mzee. Wakakaa hivyo, kila mmoja kampa mwenzake mgongo, mpaka mvua ikapungua, na Bi Anyes kitandani ndiye pekee aliyeziona nyuso zao zote mbili. Akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja, kile cha zamani cha zizini.

Mzee alikohoa kidogo, kwa upole.

"Ndaga, mwanangu," akasema. Asante.

Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia.