Gego Lililosingiziwa

Salfa inanuka kama kiberiti kilichowashiwa ndani ya pua. Msimu wa kupulizia mikorosho unga huo wa kuua ukungu, Chilangala nzima ilinuka hivyo: nguo, mboga, hata baba, aliyerudi shambani akiwa wa manjano kuanzia kope hadi vidole. Sote tulipiga chafya, na hakuna aliyejali. Watu walisema mafua ya salfa hayana dawa, yanaondoka na msimu. Basi nilipoanza kutokwa makamasi, nikiwa darasa la tatu, nani angeshtuka? Nikapata nafuu, nikaruka kamba siku mbili. Halafu yakarudi kwa kishindo: homa, makamasi mazito ya kijani, na gego la juu likauma hata nikikanyaga chini kwa nguvu.

Mama akaamua ni jino. Na mama akishaamua, jamani! Akanipeleka zahanati ling'olewe. Njiani nililia mpaka kwikwi, maana lilikuwa jino la ukubwani, na mama alishaniambia likitoka halioti tena.

"Shikamoo, daktari. Huyu jino linamsumbua, tunaomba ung'oe."

"Marahaba, Mama Zuhura. Ngoja kwanza."

Akanimulika kinywani kwa tochi, akayagonga magego. Yote mazima, na yote ya upande ule yaliuma. Akaniambia niiname kama ninaokota korosho. Nilipoinama shavu likataka kupasuka, nikapiga yowe. Akauliza nina mafua siku ngapi.

"Wiki mbili sasa. Yalipoa, yakarudi. Lakini hayo ni ya salfa tu, daktari."

"Ya salfa hayaleti homa, mama. Ndani ya mfupa wa shavu kuna uwazi, na umejaa usaha unaoyabana magego kwa juu. Jino halina kosa."

Nilimpenda papo hapo, nusura nimkumbatie.

Akaniandikia vidonge vya antibiotiki, akasisitiza nivimalize. Siku ya nne nilikuwa mzima, na mama akaanza kuvifunga vilivyobaki kwenye pindo la kanga, amwekee baba na chafya zake. Nikagoma. Niliogopa ugonjwa urudi ning'olewe jino kuliko nilivyoogopa kofi. Mama akanitazama, akacheka, akafungua fundo.

Siku hizi kaka yangu anapulizia mikorosho akiwa na barakoa, na mtoto akiumwa shavu mama ndiye wa kwanza kumwambia ainame. Mimi nimeshang'olewa meno mawili, yote kwa makosa yao yenyewe. Gego lile ninalo. Juzi mama, ambaye magego yamemwisha, alinisogezea sahani ya korosho za kukaanga.

"Haya, kula wewe mwenye meno."

Nikazitafuna zote, kwa upande uleule.