Kufuata Mhuri Bondeni Yaeda

Niliondoka kwa ajili ya mhuri. Nina shahada ya uzamili ya ukunga, lakini katika zahanati yetu jirani na Masakta bado naandikwa nesi wa kawaida, cheo kile kile nilichokuwa nacho kabla ya masomo. Ofisi ya utumishi iligoma kunibadilishia cheo kwa sababu barua yangu ya ruhusa ya masomo haina mhuri. Niliandikiwa na mganga mfawidhi wangu wa zamani, kwenye zahanati moja mbele ya Yaeda Chini, siku ambayo mhuri ulikuwa kwenye begi la chanjo, umekwenda kliniki ya mkoba, ile ya kuzunguka vijijini. Akaniambia niende tu chuo, tutagonga nikirudi. Na mimi mjinga nikaenda.

Alfajiri nilipanda basi Katesh, nikalala Mbulu mjini. Kesho yake nikakodi bodaboda kushuka bondeni. Mara tatu dereva alinishusha nivuke korongo kwa miguu, viatu mkononi.

Saa tano nikafika. Mfawidhi hayupo, yuko kliniki ya mkoba. Mhuri je? Kaenda nao. Jamani! Nilitamani kulia.

Lakini ndani mhudumu alikuwa peke yake na mzazi aliyejifungua punde, damu haikati. Mlangoni alikaa bibi wa mzazi, mfugaji. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Nilinawa, nikavaa glovu. Kipande cha kondo kilikuwa kimebaki ndani. Nikakitoa kwa mkono, nikachoma sindano, nikakanda tumbo mpaka damu ikakata. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea.

Bibi akauliza kama mimi ni daktari. Nikamwambia hapana, ni nesi.

"Basi nesi kaa hapa," akasema.

Alasiri mfawidhi akarudi, akaomba radhi, akagonga mhuri.

Siku ya tatu nilikuwa ofisi ya utumishi, Katesh. Kijana wa mezani aliisoma barua kwa adabu, akasema sasa iko sawa. Kisha akafungua orodha ya vyeo. Kwa zahanati, shahada kama yangu haina nafasi. Ilikuwepo nafasi moja tu, ya mratibu wa huduma za uzazi, hapo hapo mjini, kukusanya ripoti.

"Na nikitaka kubaki na wanaojifungua?"

"Utabaki ulivyo, dada."

Akanisogezea fomu ya nafasi hiyo. Nimechoka kuandikwa nilivyoandikwa nikiwa na miaka ishirini na mitano. Nikasaini kwa hasira.

Jioni nilirudi Masakta. Nilichojifunza ni hiki, na kinaniuma: nesi akisoma sana, njia ya kupanda inamtoa kwenye kitanda cha mzazi.

Nilimweleza Flora, nesi mdogo niliyemfundisha kazi, ambaye sasa atabaki peke yake. Hakunipongeza. Aliuliza, "Akija mama anayetoka damu, nimwite nani?"

Nikamwambia anipigie simu. Lakini sote wawili tulijua damu haikatwi kwa simu.