Nyumba ya Chuma ya Ampli Yangu

Uliza Kasongo yote ni nani aliyetengeneza ampli kwa mikono yake, watakuonyesha kibanda changu. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri, na mpaka leo nikiandika barua ninampa mke wangu aisome kwanza. Lakini nipe waya na risasi ya kuungia na chuma cha moto, uone. Ampli ile niliijenga na lampe nne za kioo nilizozitoa ndani ya radio za zamani, zile ambazo watu walikuwa wamewaachia kuku watagie. Lampe hizi haziangazi nyumba, kazi yao ni kukuza sauti. Zinapata moto, zinakuwa nyekundu ndani kama kaa, na sauti inayotoka ni nene, ya kifuani. Hizi ampli za plastiki zinazoletwa kwa pikipiki hazina kifua.

Shida ilikuwa moja tu: ampli yangu ilikuwa uchi. Nilikuwa nimeipigilia juu ya ubao, nyaya zote inje. Mimi nilijua pa kugusa na pa kuogopa. Kaka mkubwa wa mke wangu hakujua. Huyu shemeji yangu ni mufanyabiashara wa vitenge, mutu wa msikitini, mwenye duka na heshima yake. Siku moja kwenye matanga ya ukoo wao aliweka mkono juu ya ampli huku akiongea na watu. Ilimtupa. Kofia yake nyeupe ikaangukia ndani ya sahani ya wali. Watu wa Kasongo hawajui kucheka kidogo. Toka siku ile akawa ananiita fundi wa nyoka, kwa sababu kitu changu kinauma.

Basi binti yake akaposwa na kijana wa Kabambare. Wageni walikuwa watoke huko, na wengine Salamabila, na shemeji akatangaza mbele ya ukoo kwamba muziki utaletwa kutoka Kindu. Mke wangu akasimama.

"Kaka, Kindu ya nini? Mume wangu iko hapa."

"Yule wa nyoka?"

"Yule yule. Nyoka wake atavalishwa nguo."

Shemeji akanigeukia. "Sikiliza, shemeji. Kile kitu chako kikiuma mutu, ao kikinguruma mbele ya wakwe zangu, usiweke tena hata karadio kwenye sherehe ya ukoo huu. Na huyu dada yangu asisimame tena kuniambia habari ya 'mume wangu, mume wangu'."

"Utakuja kuigusa kwa mikono miwili," nikamjibu.

Tulipofika mlangoni kwetu mke wangu akasema: "Nimekuvalisha mbele yao. Usije ukanivua mimi."

Kesho yake nilibeba pipa tupu la mazuti mpaka kwa muhunzi mmoja mzee kwenye barabara ya Kabambare, mutu wa majembe na mapanga. Akaniuliza, "Unataka chungu ao jeneza?" Nikamwambia nataka nyumba. Tulichoma mafuta yaliyobaki, tukalipasua pipa kwa tindo, tukalinyoosha kwa nyundo juu ya gogo mpaka likalala kama karatasi. Pembe tulizikunja juu ya kipande cha reli. Hakuna pembe hata moja niliyoiacha wazi, ungepitisha kidole ukiwa umefumba macho usikwaruzike.

Lampe zinahitaji kupumua, bila hivyo zinajipika. Nikapanga maharage juu ya bati, mistari kama ya mkeka, na kila palipokuwa haragwe nikapiga msumari. Yakatoka matundu sawasawa hivi kwamba hata mapadri wa misioni, wenye mashine zao, wangedhani ni mashine. Mke wangu alikuwa anatafuta maharage yake. Nikamwambia yako kazini.

Rangi niliipata kwa mekanisieni mmoja wa pikipiki kule Salamabila, nyekundu ya tanki, ile inayong'aa hata chini ya vumbi. Nikapaka inje. Nikaangalia ndani, nikaona aibu kuacha kweusi, nikapaka na ndani, mpaka kwenye matundu ya bolti. Kisha nikaenda kwa mama muoka mikate, nikamwomba tanuri lake likiwa bado na moto baada ya mikate kutoka.

"We baba, kesho watu watakula rangi?"

"Kesho watu watakuja kuuliza tanuri gani limezaa kitu hiki."

Kikatoka kigumu, kinang'aa kama gari jipya. Nilikizungusha soko zima kabla ya kukifunga.

Siku mbili kabla ya harusi nikaweka kila kitu ndani, nikawasha grupu langu la kutoa umeme, nikafungua sauti. *Nguuuu.* Mutu akapita na baiskeli: "Fundi, sasa unasaga mihogo?" Nikabadilisha lampe. *Nguuuu.* Nikabadilisha nyaya. Nikasema ni grupu, nikaazima lingine. Nikapigilia chuma kirefu ardhini, nikakifunga na waya wa ampli, nikakimwagia maji ya chumvi. Nguuuu ile ile. Kila aliyepita nilimpa sababu mpya, na hakuna sababu hata moja iliyogusa sanduku langu. Sanduku lile lingekosaje?

Mke wangu akaniletea chai, akaweka kiganja juu yake. Akakirudisha haraka.

"Iko inaniwasha."

Afadhali angenitukana.

Mchana muhunzi akapita kuona kazi yake imefika wapi. Umeme haujui kabisa, nyumbani kwake anawasha koroboi. Akaligonga sanduku kwa ukucha, akasikiliza, akaligonga tena.

"Chuma changu kilikuwa kinalia. Umekizika."

"Nimekipamba, mzee."

"Ndani pia? Mimi nikitaka kuunga chuma na chuma, kwanza ninatoa uchafu. Rangi yako ni uchafu, hata ikiwa nzuri namna gani."

Nikakaa chini. Waya wangu wa chini, ule unaopaswa kushika sanduku ili sanduku lizuie mngurumo, ulikuwa umeshika rangi. Bolti zote zilikuwa zimekaa juu ya rangi. Nilikuwa nimejenga nyumba halafu nikaikataza kuongea na mwenye nyumba. Na aliyeiharibu si grupu wala lampe, ni mimi na kiburi changu cha kupaka mpaka ndani.

Nikachukua tupa. Kukwaruza chini ya kila bolti hakukuniuma sana, hapaonekani. Lakini bolti ya waya wa chini iko inje, upande wa mbele, na pale nilikwaruza doa la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mpaka chuma kikacheka cheupe. Nikafunga, nikawasha. Ikabidi niweke sikio kwenye bafle ya kutolea sauti nijue kama iko hai. Ilikuwa inapumua tu, kama mutu aliyelala.

Siku ya harusi, kabla wakwe hawajaingia, shemeji alikuja peke yake. Akasimama mbali kidogo. Akaweka kidole. Akaweka mkono. Halafu, huku akiniangalia, akaweka na wa pili. Kisha akaliona doa.

"Kitu kizuri hivi, umekikwaruza? Nina rangi dukani, kesho nitatuma mutu apake."

"Pale usiguse, shemeji. Pale ndipo nyoka amefungwa."

Alicheka mpaka akashika kofia yake mwenyewe. Wageni walipokaa akachukua mikrofoni, sauti ikatoka nene, ya kifuani, bila hata chembe ya mngurumo: "Muziki huu haukutoka Kindu. Ni wa shemeji yangu."

Kutoka upande wa wamama sauti moja ikamkata:

"Sema vizuri, kaka! Ni wa mume wangu!"