Wimbo Niliomchagulia Mama Nyabwire

Jamani, hii nimekaa nayo moyoni muda mrefu kwa aibu, na mpaka leo nikipita Kiseke mbele ya ule ukumbi nageuza uso upande wa pili. Ila juzi nimesikia Mafuru wa kazini anawasimulia watu na kuongeza chumvi, eti nilikimbia nikaruka ukuta. Sikuruka ukuta. Basi afadhali niseme mwenyewe, mcheke mara moja yaishe.

Mimi ni mtu wa Ujiji, nilikuja Mwanza kutafuta maisha nikapata kazi kwenye kiwanda cha samaki, laini ya kukata minofu. Kisu sikukijua. Wiki ya kwanza sangara akitoka mkononi mwangu nyama yote imebaki kwenye mfupa, bosi akasema huyu arudi kwao. Aliyenitetea ni msimamizi wetu, Mama Nyabwire, Mjita mmoja mfupi, mnene, mkali kama pilipili (ukimpa shikamoo huku umeegemea meza, haitikii). Akamwambia bosi, "Huyu niachie mimi." Akanisimamisha ubavuni kwake, tukawa tunakata pamoja kila asubuhi, yeye anaimba kwa Kijita, wimbo mmoja huohuo, polepole, na mimi nakipeleka kisu kwa mwendo wa ule wimbo, shingoni mpaka mkiani, mpaka mkono ukazoea. Miaka sita. Yaani kila nilichonacho, chumba, mke, hata hiki kitambi, kimetokana na yule mama.

Sasa akafikia kustaafu, anarudi kwao Majita. Kamati ya kumuaga ikakaa, watu wakagawana kazi, chakula, ukumbi, zawadi, na walipofika kwenye nyimbo nikanyoosha mkono kabla hawajamaliza kuuliza. Nilitaka nimshukuru kwa kitu ambacho hakuna mwingine angekifikiria, na nilichokuwa nacho mimi peke yangu ni ule wimbo. Maneno sikuelewa hata moja (na mimi ni Muislamu, mambo ya kwaya yananipita mbali), ila kwa mluzi naupiga hata usingizini. Mafuru wa chumba cha barafu ni Mjita wa kuzaliwa, ningemuuliza dakika moja tu haya yasingetokea. Sikumuuliza. Nilijua nikimuuliza atataka tugawane sifa.

Nikaenda kibanda kimoja Kirumba wanakoingiza nyimbo kwenye simu, nikaupiga kwa mluzi jamaa wa pale asikie. Akasema anao, umeimbwa na kwaya moja ya hukohuko Majita, karibu kila wiki mtu anakuja kuutaka. Nikafurahi, nikajua basi unapendwa. Akaniwekea, akanitazama, akasema, "Pole sana, kaka." Nikamjibu ahsante, maana kweli nilikuwa na mafua.

Zawadi ilikuwa kabati la vyombo, refu, la vioo. Karatasi ya zawadi haikutosha, na nani akatoa wazo la kulifunga kwa shuka jeupe? Mimi. Na utepe wa zambarau, mmoja kwa urefu, mwingine kwa upana, niliukaza mwenyewe kwa mikono yangu. Halafu kwa kuwa zawadi haipelekwi kimyakimya, inaingizwa kwa kucheza, tukapanga wanaume sita walibebe mabegani, waingie nalo taratibu, na nyuma yao laini nzima ya minofu.

Mpaka saa tisa mchana mambo yalikuwa mazuri. Mama Nyabwire amekaa meza kuu na kitenge chake kipya, pembeni yake mama yake mzazi, bibi mzee kabisa aliyeletwa kutoka Majita, na dada zake wamejaza meza mbili. Mshereheshaji akatangaza zawadi, nikampa dijei ishara.

Na nawaambieni ukweli, ulipendeza. Tukaingia, kabati mbele, sisi nyuma, hatua mbili mbele moja nyuma, mimi natabasamu mpaka mashavu yanauma, nikaona yule bibi anasimama. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Akapiga yowe. Dada zake Mama Nyabwire nao wakainuka, wakakaza kanga viunoni, wakaangua kilio, mmoja akajitupa chini kabisa. Mshereheshaji (Msukuma wa watu, Kijita hajui) akasema, "Oneni familia ilivyoguswa! Dijei, ongeza sauti!" Na dijei akaongeza.

Mafuru ndiye aliyebeba mbele. Akasimama ghafla, wa nyuma wakaendelea, kabati likayumba, vioo vikalia ndani ya shuka. Akanigeukia macho yamemtoka.

"Rama, huu wimbo umeutoa wapi?"

"Kwa mama mwenyewe! Kwani vipi?"

"Huu ni wa kushushia jeneza, we mtu!"

Nikalitazama kabati. Shuka jeupe, msalaba wa zambarau, wanaume sita. Kule mbele Mama Nyabwire anampungia mama yake mkono, "Mama, si mimi huyu hapa! Niko hapa!" na bibi hasikii, analia akiuliza tumemletea nani. Mlangoni majirani wameanza kujaa, mzee mmoja keshavua kofia. Nilitamani nife, ila hata kufa siku ile ningeonekana najipendekeza.

Mama Nyabwire akachukua kipaza sauti. "Zima." Muziki ukakatika, zikabaki kwikwi za bibi tu. "Nani kachagua huu wimbo?"

Wenzangu, watu ninaokula nao kila siku, wote wakaninyooshea kidole bila hata kutazamana. Nikajisogeza nyuma ya kabati, lakini mtu wa urefu wangu anajificha wapi?

"Rama, njoo hapa, baba."

Nikaenda. Nikasema, "Shikamoo, mama," ingawa nilishamwamkia asubuhi. Hakuitikia. "Nani kakufundisha huu?"

"Wewe, mama. Unauimba tukikata minofu. Kila siku. Nikajua ndio unaoupenda." Siku moja tu niliyopewa ya kumshukuru, nimemliza mama yake.

"Mimi? Nauimba kazini?"

"Ndiyo, mama. Miaka sita."

Kumbe hakujua. Kwaya yake ndiyo inayoimba makaburini, keshauimba mara nyingi mno, ukawa unamtoka tu. Akafunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika, nikasema basi, nimemliza na yeye. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mama yake akanyamaza kumshangaa, akamweleza kwa Kijita, na bibi akanitazama, akanisonya sonyo refu ambalo halikuhitaji mkalimani.

Halafu Mama Nyabwire akainua kipaza sauti tena, sasa hacheki. "Lakini nimewaona. Walionililia ni mama yangu na dada zangu. Nyie wa laini, niliowafundisha kushika kisu, mmenizika huku mnacheza na kutafuna bablishi." Akaonyesha mlango. "Tokeni nje na kabati lenu, muingie upya. Dijei, rudisha mwanzo. Na safari hii mlie."

Tukatoka, tukaingia. Wengine walikuwa wamebana vicheko, Mafuru analia kwa sauti kama mbuzi. Mimi sikuigiza. Wimbo ulipokolea, mkono wangu wa kulia ukaanza wenyewe kwenda kwa mwendo wa kisu, ndipo ikaniingia kwamba Jumatatu ubavuni kwangu hatakuwepo mtu. Nikalia, kamasi na kila kitu, mpaka bibi akanipa kanga yake nijifute.

Jioni ileile nikaufuta ule wimbo, nikaapa sichagui tena wimbo wa mtu yeyote. Hata redio ya nyumbani anashika mke wangu. Basi majuzi Mama Nyabwire kanipigia kutoka Majita, tumezungumza mvua, tumezungumza mihogo, mwisho akauliza kama ule wimbo bado ninao. Nikamwambia kwa fahari, "Nilishaufuta, mama, haitatokea tena." Siku ile ukumbini hakunigombeza hata kidogo, lakini hapo kwenye simu nilimsikia yule mkali wa laini, mwenyewe kabisa.

"Umeufuta? Sasa mimi siku yangu wataniimbia nini? Kautafute, Rama. Utauchagua wewe."

Kwa hiyo nimebakiza wimbo mmoja tu wa kuchagua maishani, na namwomba Mungu anicheleweshe sana.